Saa Moja ya Asubuhi Ni ya Nani?

Tangu Novemba 2024, Rais Ruto alipofuta mpango wa kampuni ya Adani ya India kuendesha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, kwa miaka 30, mjadala kuhusu uwanja ule umeganda kwenye njia ya pili ya kurukia na kutua ndege. Upande mmoja unasema bila njia ya pili Nairobi itapitwa na Addis Ababa na Kigali. Upande wa pili unauliza pesa zitatoka wapi, na nani atakayezilipa. Mimi nauza tiketi za ndege hapa Kisumu, kwa hiyo kila wanachoamua Nairobi hunifikia dirishani asubuhi inayofuata, kikiwa na sura ya mteja aliyekasirika. Naona pande zote mbili zinaruka swali. Hii njia moja tuliyo nayo, tunaitumia vipi? Na tukiibana ili itoe zaidi, atakayebanwa ni nani?

Tuanze na la kwanza, kwa sababu lina majibu mazuri kuliko wengi wanavyodhani.

Uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, hutumia njia moja kwa wakati. Mwaka 2019 ulipitisha abiria zaidi ya milioni 46, na saa zenye shughuli nyingi hupitisha ndege 55 kwa saa. Mumbai ina njia mbili zinazokatana, kwa hiyo hutumia moja tu kwa wakati, na mwaka 2018 kuna siku ilihudumia ndege zaidi ya 1,000 ndani ya saa 24. Ukimsikia mtu anasema njia moja imejaa kwa sababu ni moja, muulize imejaa kwa ndege ngapi.

Sitaki pia kudanganya. Nairobi si Gatwick. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege inayotua Embakasi, iliko JKIA, huwa inakwenda kwa kasi ya kweli iliyozidi ile ya pwani kwa asilimia 8 hadi 10, hata kama kipimo kilicho mbele ya rubani kinaonyesha namba ileile. Inachukua lami ndefu zaidi kupunguza mwendo, na kila sekunde inayobaki pale chini ni sekunde ambayo ndege ya nyuma haiwezi kugusa lami. Gatwick pia ina njia za kutokea kwa kasi zilizopangwa vizuri kandokando. Kwa hiyo hakuna waziri atakayeigeuza Nairobi kuwa Gatwick kwa barua. Lakini kati ya ilivyo sasa na Gatwick kuna nafasi kubwa.

Nafasi hiyo nilionyeshwa na jirani yangu wa Riat, mzee aliyestaafu kazi ya kuongoza ndege. Kutoka barazani kwake unauona uwanja wa Kisumu wote, na ziwa nyuma yake, na akianza kueleza jambo huwezi kuondoka kabla chai haijaisha. Siku hiyo alichukua vizibo vya soda vitatu na punje tatu za mahindi.

"Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "vizibo ni Dreamliner, zile Boeing 787 kubwa. Punje ni hizi ndege unazouzia watu wako. Zipange zitue."

Nikazipanga kwa zamu, kizibo, punje, kizibo, punje, mpaka mwisho. Ilionekana haki. Akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu.

Ndege ikipita huacha nyuma ya mabawa mizunguko miwili ya hewa, na ndege ikiwa nzito mizunguko hiyo huwa na nguvu ya kuipindua ndogo inayofuata. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinaweka umbali wa lazima. Ndege nzito nyuma ya nzito, maili 4. Ya kati nyuma ya nzito, maili 5. Nyepesi nyuma ya nzito, maili 6. Ya kati nyuma ya ya kati hubaki na kile kiwango cha kawaida cha rada, maili 3, na nzito nyuma ya ya kati ni hivyohivyo. Maili hizi ni za baharini, kila moja kama kilomita 1.85. Embraer na Dash 8, ndege za abiria zinazokuja Kisumu, ni za kati. Dreamliner ni nzito.

Mpango wangu wa haki ulikuwa 5, 3, 5, 3, 5. Jumla maili 21. Mzee akasogeza punje zote tatu mbele na vizibo nyuma: 3, 3, 3, 4, 4. Jumla 17. Ndege zilezile sita, njia ileile, na maili 4 zimepatikana bila mtu kushika jembe. Kwa ndege inayokuja kwa maili 130 kwa saa, maili 4 ni kama dakika 2 hivi, na katika dakika hizo ndege nyingine ya kati inatosha kuingia.

Nilimuuliza kama basi ndogo zitangulie siku zote. Akacheka. Ndege hazifiki angani kwa makundi kama wanafunzi wa paredi. Moja inatoka Dubai, nyingine Lodwar, na huwezi kuiambia ya Dubai izunguke nusu saa eti tunangoja punje za mahindi. Tangu mwaka 1976 mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, Roger Dear, alipendekeza dawa ya kati: ndege iruhusiwe kusogezwa hatua chache tu kutoka zamu yake, isizidi hapo. Unapata sehemu kubwa ya faida na hakuna anayesahauliwa angani. Waongoza ndege wazuri hufanya hivi kwa kichwa kila siku. Kompyuta inachoongeza ni kuona mbali kidogo zaidi, ili ndege ipunguze mwendo ikiwa bado juu ya Narok badala ya kuzungushwa juu ya Athi River.

Hata hayo makundi ya uzito yenyewe ni ya kizamani. Neno "ya kati" linabeba kila ndege kuanzia kilo 7,000 hadi 136,000. Dash 8 yenye uzito wa kama tani 30 inawekwa kapu moja na ndege inayoizidi mara nne. Marekani ilianza kuyagawa upya huko Memphis, Novemba 2012, kambi kuu ya FedEx, ambako ndege za mizigo hushuka usiku kwa mfululizo. Makundi yakawa sita, umbali ukapungua pale ambapo hatari haikuwepo, na njia zilezile zikaanza kupokea ndege nyingi zaidi. Tofauti ilikuwa hesabu bora ya hewa.

Upepo nao una hadithi yake, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Umbali wa maili 5 huchukua dakika 2.3 kwa ndege ya maili 130 kwa saa. Upepo wa mbele ukivuma kwa maili 30, ndege hiyo inasogea juu ya ardhi kwa maili 100 tu, na maili 5 zilezile zinakuwa dakika 3. Siku ya upepo uwanja unapoteza nafasi, ingawa upepo huohuo ndio unaoipeperusha haraka ile mizunguko ya hatari. Kwa miaka mingi Heathrow, uwanja mkubwa wa London, ilivumilia hasara hiyo. Mwaka 2015 waongoza ndege wake wakaacha kupima pengo kwa maili wakaanza kupima kwa muda, na siku za upepo zikaacha kuwa siku za maafa.

Hizi mbinu nazipigia debe bila kusita. Hazimnyang'anyi mtu chochote. Zinahitaji mafunzo, mitambo ya kuonyesha, na waongoza ndege wa kutosha ambao hawachoki, na hilo la mwisho si dogo. Ukitaka kupanua uwanja bila lami, anza na mishahara na ratiba za mnara wa kuongozea ndege.

Chini kwenye eneo la maegesho pia kuna muda mwingi unaopotea. Munich mwaka 2007 ilianza mfumo ambao kampuni ya ndege, wapakia mizigo, mnara na uwanja hutazama muda mmoja wa pamoja wa kuondoka, unaorekebishwa kila mara. Ndege ambayo zamu yake haijafika inabaki mlangoni injini zimezimwa. Kwetu mara nyingi kila mtu ana saa yake: abiria ana iliyo kwenye tiketi, wapakia mizigo wana yao, rubani ana yake. Sitalitaja shirika, lakini nimewahi kukaa ndani ya ndege iliyofungwa milango kwa wakati, ikaitwa imeondoka kwa wakati, halafu ikasimama kwenye lami asubuhi nzima ikingoja zamu.

Sasa tuje kwenye balaa la foleni, kwa sababu wateja wangu huwa hawaamini nikiwaambia. Uwanja unaotumika asilimia 80 ya uwezo wake unaonekana una nafasi ya bure, na mhasibu atataka kuijaza. Hesabu rahisi kabisa ya foleni, ile ya mhudumu mmoja na wateja wanaofika ovyo, inasema hivi: kwa asilimia 80, anayefika hungoja kwa wastani muda wa kuhudumia watu 4. Kwa asilimia 90, watu 9. Kwa asilimia 95, watu 19. Umeongeza kidogo, kungoja kumekua karibu mara tano. Viwanja halisi vina ratiba kwa hiyo haviendi hivi neno kwa neno, lakini sura ya mchoro ni ileile. Ndege ya saa moja asubuhi ikichelewa dakika 20 Nairobi, ya saa kumi na mbili jioni Kisumu inaweza kuchelewa saa mbili, kwa kuwa mara nyingi ni ndege moja inayozungushwa kutwa nzima. Ongeza ngurumo za jioni za ziwa, ambazo hazisomi ratiba, na unaelewa kwa nini nawashauri watu wasipange harusi kwa ndege ya mwisho.

Nairobi inajaa kwa saa fulani. Asubuhi na jioni ndege hushuka kwa mawimbi ili abiria wa kuunganisha wasikose safari zao. Saa nne na nusu au saa nane mchana kuna nafasi. Mtaalamu yeyote akitazama mchoro wa saa hizo atasema: sogezeni baadhi ya ndege mchana. Na hapo ndipo ninapoanza kukaa wima kwenye kiti, kwa sababu najua ni ndege zipi atakazozitazama kwanza.

Viwanja vingi duniani hutoza ada ya kutua kwa uzito. Ndege kubwa inalipa nyingi, ndogo inalipa kidogo. Inaonekana haki mpaka ukumbuke kwamba muda wa njia hauna uzito. Ni kama steji ya matatu: gari la watu 14 likisimama pale mbele linazuia nafasi sawa na basi la watu 60. Wachumi walilisema hili zamani, na New York ililijaribu mwaka 1968. Ada ya chini kabisa kwa ndege ndogo saa za msongamano ikapandishwa kutoka dola 5 hadi dola 25. Ndege nyingi za binafsi zikahama saa hizo. Boston ilifuata mwaka 1988, ikapunguza sehemu ya uzito na kupandisha ile ya kila kutua. Ucheleweshaji ukapungua, ndege ndogo zikapungua, na wizara ya uchukuzi ya Marekani ikaivunja ada hiyo kwa sababu iliwabagua wadogo.

Upande wa pili nao upo. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lililegeza vizuizi vya LaGuardia ili miji midogo ipate safari zaidi za New York. Nia ilikuwa njema, na ndiyo nia yangu mimi. Makampuni yakamimina ndege ndogo pale, na kufikia Septemba uwanja ule mmoja ulikuwa unachangia karibu robo ya ucheleweshaji wote wa nchi. Ikabidi nafasi zigawiwe kwa bahati nasibu. Kwa hiyo sisemi kila mtu aachiwe ashuke anapotaka.

Lakini soko likiachiwa liamue peke yake, linaamua vile soko linavyojua. Mwaka 2016 Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya nafasi za kutua na kuondoka Heathrow. Fikiria ndege yenye viti 78 ya kwenda mji wa kando ikishindana na bei hiyo. British Airways iliondoa safari zake za Inverness, mji wa kaskazini mwa Scotland, kutoka Heathrow mwaka 1997, ikazipeleka Gatwick, na haikuzirudisha Heathrow mpaka 2016. Hakuna aliyewachukia watu wa Inverness. Nafasi ile ilikuwa na thamani zaidi ikibeba ndege ya mbali.

Kisumu ni Inverness yetu. Na Eldoret, na Kitale.

Mtu wa Nairobi atasema mchana si mbaya. Nitamweleza nani hununua ndege ya kwanza. Wakili mwenye kesi mahakama ya Milimani, Nairobi, saa tatu. Mama aliyeandikiwa miadi ya daktari bingwa, ambaye akienda mchana atahitaji kulala Nairobi, na hana ndugu huko. Mfanyabiashara anayeshuka asubuhi, anaingia Industrial Area, anarudi jioni bila kulipia hoteli. Barabara kupitia Kericho na Nakuru ni kama kilomita 350, nayo inakula siku nzima. Ukimsogeza mtu huyu kutoka saa moja hadi saa tano, kwenye jedwali la uwanja umemchelewesha saa nne. Kwenye maisha yake umemwongezea siku.

Jioni moja nilimmwagia mzee haya yote. Akanyamaza, halafu akanionyesha chini. "Na ile pale?"

Ile pale ni njia ya kilomita 3.3 pembeni ya Usoma, ambayo kwa sehemu kubwa ya siku hutua videge vya kwenda na kurudi Nairobi na kisha kimya. Ni uwanja wa kimataifa kwa jina. Tazama ramani: kutoka Kisumu hadi Entebbe kuvuka ziwa ni kama kilomita 250. Anayepitia Nairobi anarushwa kama kilomita 280 mashariki, halafu karibu 520 kurudi magharibi, akiwa amepita juu au karibu na nyumbani kwake. Mtu huyo mmoja ametumia nafasi ya kutua Nairobi na nafasi ya kuondoka Nairobi, katika saa zilezile tunazogombania, na hakuwa na shida yoyote na Nairobi.

Kumwondoa pale ni kuongeza uwezo wa JKIA bila kujenga. Nairobi yenyewe inaijua mbinu hii; kwa miongo mingi ndege ndogo za mbugani zimekuwa Wilson, na fikiria zingekuwa zote Embakasi zikitua maili 6 nyuma ya kila Dreamliner. Najua pingamizi, kwa sababu mimi ndiye ninayeona mauzo: abiria wa Entebbe kwa siku moja hawajazi ndege ya viti 78. Lakini mara tatu kwa wiki? Pamoja na Mwanza? Pamoja na wa Kakamega, Busia, Siaya na Kisii ambao leo wanapanda basi la usiku kwenda Kampala? Serikali ikipunguza ada za abiria wa safari hizo kwa miaka michache, gharama itakuwa ndogo sana kuliko kilomita moja ya lami Embakasi. Maofisa wa uhamiaji na forodha wapangiwe zamu za siku hizo tu.

Kwa saa zile za Nairobi, ninachotaka kiandikwe ni hiki. Kama ada itapandishwa asubuhi na jioni, ipandishwe kwa wote, hata ndege ya shehena na ndege binafsi ya mheshimiwa. Lakini kabla ya hapo kila mji wenye ratiba ya kila siku utengewe jozi moja: kufika Nairobi kabla ya saa mbili asubuhi, kuondoka baada ya saa kumi na moja jioni. Jozi iwe ya mji, wala isiwe ya kampuni. Kampuni ikijitoa, mji unaitangazia nyingine.

Mzee alinipinga papo hapo. Kampuni itachukua jozi ya Kisumu, akasema, irushe ndege nusu tupu ili tu mshindani asiipate, na wewe utakuwa umeziba saa bora ya nchi kwa viti vitupu. Ana hoja. Kanuni ya kimataifa inayotaka nafasi itumike angalau asilimia 80 haiulizi ndani kuna nani. Kwa hiyo nimeongeza mstari: jozi ya mji ihesabiwe kwa abiria waliobebwa, na ikikaa msimu mzima chini ya nusu ya viti, irudi sokoni. Akauliza nusu ya viti vya ndege ipi, Dash 8 au kile kidege cha Caravan? Hilo bado tunabishana.